Kiraka Nyuma ya Mto

Kwa Vonza,
Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Mwende mwanangu,

Jana shangazi yako alipokuuliza mbele ya wanawake wote kama unajua kuvua kava za makochi na kuzirudisha, nawe ukasema hapana, hujui, hujawahi hata kuzigusa, wote waligeuka wakanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikajifanya natafuta vikombe. Shangazi yako akacheka, akasema, "Ai, Mama Mwende! Wewe ndio hufundisha mabibi harusi wa kanisa mzima kutunza sebule, na msichana wako hajui kutoa kava?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Nimekuwa hodari sana wa kucheka kuhusu makochi yale.

Wewe hukucheka. Ulikuwa umekaa pembeni, umeinamisha kichwa, na sikujua kama ulisikia au hukusikia.

Mambo ya kupika, kufagia na kuamka mapema umeshaambiwa na shangazi zako siku tatu mfululizo hadi umechoka, niliona macho yako. Mimi sitarudia. Kesho Musyoka na watu wake wanatoka Sultan Hamud kuja kukuchukua, na kuna neno moja ambalo sijakuambia. Nimekaa nalo miaka kumi na minne. Kwa mdomo nimeshindwa. Naandika nikiwa jikoni, mlango umefungwa, na anayepita nje anadhani nachambua mchele.

Nianze na makochi yenyewe, maana huko ndiko nilikoingilia.

Nilipoolewa na baba yako nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Kanyangi na sanduku moja. Yeye Mwalimu alikuwa amemaliza chuo mwaka ule, na katika eneo hili lote nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwa na makochi ya sponji. Kochi refu la watu watatu, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Mito mitano ya kukalia. Mbao alitengeneza fundi wa hapa sokoni, lakini kava zilishonwa na akina mama wa kanisa zikawa zawadi ya harusi. Susu yako, mama yake Mwalimu, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alizikata yeye, akazishona zipu yeye, kwa cherehani yake ya mguu. Kitambaa kilikuwa kizito cha pamba, rangi ya maruni. Siku aliponikabidhi alipitisha kiganja juu ya kila mto, akasema, "Hizi ni mkono yangu. Ukinitunzia hizi, umenitunza mimi." Nikapiga goti, nikaitika kwa kumwita mama, "Ii, mwaitu."

Mwezi wa pili nikaamua kuzifua. Nilitaka Susu aone kwamba aliyeolewa na mwanawe si mvivu. Shuleni, bwenini kwetu, tulifundishwa kwamba shuka safi ni shuka iliyochemshwa. Basi mimi na akili yangu ya shule nikasubiri Susu aende Ikutha kwa dada yake. Nikaenda mtoni na punda mara mbili, nikachota maji kwenye mchanga, nikawasha moto wa mafiga matatu nje, nikachemsha kava zote tano katika sufuria ya harusi, na sabuni ya kipande niliyoikatakata. Nilikuwa naimba, Mwende. Nakumbuka hata ule wimbo.

Zilipokauka hazikuingia.

Nikakunja sponji kama unavyokunja godoro, nikaisukuma ndani kwa goti. Ilifika katikati ikakwama, pembe zikatoka nje. Nikafikiri nimechanganya, labda kava ya kochi refu nimeipeleka kwa dogo. Nikajaribu kila kava kwa kila mto. Zote zilikuwa zimerudi, zimepungua upana wa kiganja kizima, na ile rangi ya maruni imechujuka. Nilikaa chini sakafuni katikati ya sponji zile, za manjano, uchi, nikalia hadi kichwa kikaniuma. Susu alikuwa anarudi kesho yake.

Kama ningemngoja mlangoni nikamwambia, "Mwaitu, nimeharibu," angenisema vibaya. Susu ana ulimi, unamjua. Angenisema mwezi mzima, mbele ya akina mama, kisha ingekwisha, na mwaka wa pili ingekuwa hadithi ya kuchekesha watu. Leo naona hivyo. Siku ile nilikuwa bibi harusi wa wiki sita na niliona ningerudishwa Kanyangi na sanduku langu.

Basi nikachukua kisu cha jikoni, nikazipunguza sponji pande zote. Bado zipu haikufunga, ilibaki mdomo wazi wa vidole vinne. Nikafumua zipu zote tano, nikazitupa chooni. Nikachukua sketi yangu ya shule, ya kahawia, nikaikata vipande virefu, nikavishona viraka kwenye ule upande wa nyuma wa kava, unaogusana na mbao. Upande mmoja wa kiraka nikaushona moja kwa moja. Upande wa pili nikaupitishia uzi baada ya kuingiza sponji, mishono midogo midogo, mto ukafungwa. Ukiutazama kwa mbele huoni kitu. Nikatandika vile vitambaa vyangu vya kufuma juu ya migongo na mikono ya makochi, nikafungua dirisha, nikapika.

Susu alikuja, akakaa, akapigapiga mto kwa kiganja. "Rangi imekula jua kidogo," akasema. "Usifungue pazia mchana."

Nilimshukuru Mungu kwa furaha. Nilidhani nimeponea.

Sasa fikiria. Kava inafuliwa kila mwezi, na vumbi la hapa unalijua. Kila mwezi ilinibidi nipate siku mbili ambazo Mwalimu ana zamu ya kulala shuleni na Susu hana njia ya kuja kwangu. Nafunga mlango. Nafumua uzi, mto baada ya mto. Nazigeuza kava nje-ndani, nazifua kwa maji baridi, sikurudia kosa lile. Naanika nyuma ya nyumba, kivulini, viraka vimetazama ukuta. Zikikauka narudisha sponji, nanyoosha pembe kwa vidole, nashona tena. Mishono sitini na kitu kila mto. Vidole vyangu unavyoviona vimekauka ncha havikukauka kwa jembe.

Hakuna mtu angeweza kunisaidia. Dada zangu walipokuja kunitembelea waliniambia, keti, tukufulie leo. Niliwakatalia mpaka mmoja akaacha kuja. Nawe ulipokuwa na miaka kumi ulisukuma mlango ukanikuta na sindano, ukasema, "Mami, nifundishe." Nikakufokea. Nilikufokea kama mwizi, ukatoka unalia. Ulidhani siamini mikono yako. Hivyo ndivyo ulivyofika miaka ishirini na moja hujui kuvua kava, na jana ukaulizwa.

Kitu kingine kikaja nyuma yake. Watu walianza kunisifu. Miaka ikapita, kava za nyumba nyingine zimebadilishwa mara mbili, mara tatu, na zetu bado ziko. Susu akaniita mbele ya akina mama wote kanisani akasema, "Muone huyu. Zawadi yangu bado anakalia. Mabibi harusi mje kwake mjifunze." Ndio nikawa mwalimu wa sebule! Wasichana walikuja hapa, nikawaonyesha kila kitu, namna ya kutia vitambaa wanga, namna ya kupanga mito, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuta mto mbele. Mwalimu alitaka kuniletea kava mpya, mara mbili. Lakini fundi angekuja kupima mbao, akashone kwa kipimo cha mbao, na sponji zangu nilizikata kwa kisu. Zingeelea humo ndani. Nikasema, "Hapana, hizi za mwaitu zinanitosha." Mwalimu akanisifu pia.

Mwaka ambao ulianza kutembea, Mwalimu alikuja na karatasi. Nafasi ya mafunzo ya walimu wa nasari, Machakos, miezi mitatu. Susu angekaa nawe. Angehamia hapa nyumbani, na kwa miezi mitatu angefua yeye. Nililala na ile karatasi chini ya mto siku nne, kisha nikamwambia Mwalimu sitaki. Hakuuliza kwa nini. Nimekaa dirishani miaka mingi nikiwaona watoto wa nasari wakipita na mwalimu wao, na ninajua majina yao yote. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Bado ninao.

Hayo ni yangu, ningeweza kufa nayo. Ninaloandikia barua hii ni la kwako.

Ulikuwa na miaka saba. Jumapili ile tulikuwa tunapokea wageni wa kanisa kutoka mbali, wazee kumi na wake zao, na chakula kilikuwa hapa kwetu. Jumatano nilifumua kava, Mwalimu akiwa na zamu ya kulala shuleni hadi Jumamosi. Alhamisi asubuhi zilikuwa ndani ya beseni, mito iko uchi sebuleni, nawe ukaamka unalia umeshika sikio la kushoto. Ulikuwa moto. Nikakupa dawa ya maumivu, nikakuambia lala. Saa sita Mama Kalunde, yule jirani wetu aliyehamia Kibwezi, alikuja kuomba chumvi, akakuona umelala kwenye ngozi jikoni.

"Wee, Mama Mwende, hii masikio inatoa usaha," akasema. "Peleka yeye hosi leo. Basi ya saa saba bado haijapita."

"Nitampeleka Jumatatu," nikasema.

"Jumatatu? Hii si ya kungojea Jumatatu. Kama ni wageni, mwambie nyanya yake akuje ashike nyumba."

Ningemwita Susu, au angesikia tu kwamba nimekupeleka hospitali, angekuja mbio. Anakupenda, hata leo wewe ndiye mboni yake. Angekuja, angeingia sebuleni, angekuta sponji zilizochongwa kwa kisu na beseni la viraka vya sketi ya shule. Nilisimama mlangoni nikauzuia kwa mwili wangu ili Mama Kalunde asione ndani. Saa saba ilipofika nililisikia basi likipita kwenda kituoni. Nilihesabu moyoni dakika za kufika kituoni, nikajua ningeweza kuliwahi kama ningekimbia, na sikukimbia.

Nikapasha mafuta, nikakutilia matone sikioni. Nikakufunga kitambaa. Ijumaa nilishona huku umelala mapajani mwangu. Kila nilipovuta uzi kiwiko changu kilikugusa, ukawa unasema, "Mami, inauma, mami." Nilikuwa nasema, "Nyamaza kidogo, nimalize mto huu." Nilisema hivyo mto wa kwanza hadi wa tano. Jumamosi uliacha kulia. Nikafurahi. Nikasema mafuta yamefanya kazi.

Jumapili wageni walikaa juu ya ile mishono, wakala, wakaomba. Mke wa mzee mmoja alikusifu, akasema hajaona mtoto mtulivu hivyo.

Jumatatu nikakupeleka. Daktari alikuangalia ndani ya sikio kwa taa, akaangalia tena. Akaniuliza, "Mama, hii imeanza lini?"

Nikasema, "Jana usiku."

Nilimdanganya daktari, Mwende. Ulikuwa umeketi hapo kwenye benchi na gauni lako la Jumapili. Akaniangalia, alijua. Akasema kiwambo kimetoboka na ugonjwa umeingia ndani sana, atatoa dawa, lakini sikio hilo nisilitegemee, na mtoto akiumwa hivyo tena nisingoje hata siku moja. Njiani nikakununulia ndizi. Ulikuwa unageuza kichwa kila nikisema nawe, kutafuta sauti yangu imetoka wapi. Kule kugeuka kwako nimekuona kila siku tangu siku ile.

Nyumbani nikawaambia ni surua. Kwamba surua uliyougua ukiwa mdogo ndiyo iliyoharibu sikio na sasa ndiyo imejionyesha. Mwalimu aliamini. Susu aliamini. Wewe umekua ukiamini, na nimekusikia ukiwaambia wenzako, "Ni surua." Haikuwa surua.

Kisha nikafanya lile la pili, ambalo naliona baya kuliko la kwanza. Badala ya kuacha watu wajue, nikakufundisha kuficha. Nilikuonyesha kona ya kushoto ya kochi refu. Nikakuambia ukikaa hapo kila mtu atakuwa upande wako wa kulia, na hakuna atakayejua. Darasani ukae mkono wa kushoto, karibu na ukuta. Kanisani vivyo hivyo. Mtu akikuita kwa nyuma na ukasikia watu wengine wanageuka, geuka nao. Usiposikia neno, tabasamu kwanza, ungoje. Ulijifunza upesi kama mimi nilivyojifunza kushona. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

Watu wa Musyoka walipokuja mara ya kwanza, ulileta chai, kisha ukaenda moja kwa moja kwenye kona yako. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Mama yake Musyoka alikuuliza swali, mjomba wake alikuwa anakohoa, hukusikia. Ukatabasamu, ukangoja. Baadaye yule mama akaniambia, "Nimempenda msichana yako. Haropoki. Anafikiri kwanza."

Nikamwambia asante. Wanakupenda kwa kitu nilichokushonea mimi.

Musyoka hajui. Nilikuuliza mwezi uliopita tukiwa tunachuma kunde, nawe ukasema, "Nitamwambia tukishazoeana." Niliendelea kuchuma, lakini niliisikia sauti yangu mwenyewe. Na mimi nilisema nitamwambia Susu tukishazoeana. Kuzoeana kulikuja, na kadiri tulivyozoeana ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi, kwa sababu sasa ningekuwa naungama kosa la kava pamoja na kila mwezi niliofunga mlango.

Najua nyumba yako itakavyokuwa, mwanangu, kwa sababu nimeishi ndani yake. Utachagua upande wa kitanda. Utachagua kiti chako mezani na kukilinda. Musyoka atakuita kutoka uani, hutasikia, atafikiri umenuna. Atanong'ona kitu gizani upande usiofaa, wewe utangoja na kutabasamu, naye atafikiri hukupenda alichosema. Mtoto wako akilia chumba cha pili utaogopa kulala. Nawe hutamwambia mtu akusaidie kusikiliza, maana ukisema leo atauliza, na jana je? Halafu siku moja kitu kikubwa kitatokea, na utajikuta umesimama mlangoni umeuziba kwa mwili wako.

Ningemwambia Musyoka mimi. Nimefikiria. Lakini unajua nthoni, ile haya ya ukwe, kati ya mtu na mama wa mke wake. Kijana hata kunitazama usoni hawezi, mimi nikimwona njiani navuka upande wa pili, sembuse kukaa naye chini na kumweleza habari za mwili wa mke wake. Ningemtuma mtu, ingekuwa uvumi. Nimebaki na wewe.

Na wewe nimekuambia mara nyingi kuliko unavyojua. Tangu ulipokuwa na miaka saba, ukilala umelalia sikio la kulia, nilikuwa nakuja, napiga magoti karibu na kitanda, nakuambia yote. Kava, beseni, basi, "nyamaza nimalize mto huu." Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, katika sikio la kushoto. Nilikuwa natoka hapo nikijisikia mwepesi, kana kwamba nimeomba msamaha. Leo ndipo nimeona nilichokuwa nafanya.

Kwa hiyo leo nimefanya jambo. Asubuhi nilifumua kava kama kawaida, nikazifua, zikakauka saa nane. Nikarudisha sponji, nikashona. Sikuona kwa nini wageni wako wakalie sponji tupu. Lakini nilipokuwa naipanga mito nimeigeuza yote. Upande wa nyuma umekuja mbele. Viraka vitano vya sketi ya shule ya kahawia, pamoja na mishono yangu yote, vimetazama mlango.

Mwalimu alirudi saa kumi. Akakaa kwenye kochi lake la dirishani, mkono wake ukagusa kiraka. Akainama, akakitazama kama anasahihisha daftari.

"Hii ni nguo gani?"

"Ni sketi yangu ya shule."

Nikamwambia. Habari ya sufuria, ya kisu, ya zipu chooni. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilidhani atacheka au atakasirika, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Kwa hivyo Machakos," akasema. "Ulikataa Machakos juu ya hii?"

"Ii."

Akapitisha kidole juu ya mshono. "Mimi nilijua hutaki kuwa kama mimi," akasema. "Nilijua unaona kazi yangu ni ya bure. Ndio maana nikaacha kukuambia mambo ya shule. Miaka yote hiyo nimekuwa nikikuja hapa nanyamaza." Akachukua kofia, akatoka kwenda kuangalia mbuzi, ambao wako salama zizini na hawahitaji kuangaliwa na mtu.

Miaka yote hiyo tumeketi sebule moja, kila mmoja na lake, na kati yetu kipande cha sketi.

Habari ya sikio lako sijamwambia. Nimeanza na wewe kwa sababu sikio ni lako. Nitamwambia kesho mkishaondoka, na kama nikiona siwezi, nitamwonyesha nakala ya barua hii, ninayo katika daftari. Atanichukia kwa muda. Huenda wewe pia unanichukia sasa hivi unaposoma, huko nyumbani kwa Susu, wasichana wenzako wanakusuka nywele na kukuuliza mbona umenyamaza. Nichukie. Sitakuandikia barua nyingine ya kujitetea.

Naomba jambo moja tu. Kesho, kabla hujalala katika nyumba ile, mwambie Musyoka. Mwambie ni sikio la kushoto, halisikii kabisa, tangu ukiwa na miaka saba. Akiuliza ni nini kilichotokea, usiseme surua. Sema ni mama. Sema mama alikuwa anashona. Aibu ile ni yangu, nimekuwa nikikubebesha wewe, naomba unirudishie.

Barua hii naiweka katika Biblia yako mpya, na Biblia naituma sasa hivi pamoja na nguo zako za kulalia. Najua hulali bila kuifungua.

Kesho asubuhi mtakuja hapa kuvalishwa, wewe na Susu na shangazi zako wote. Utaingia sebuleni wa kwanza. Usiende kwenye ile kona. Kaa katikati ya kochi refu, watu wawe pande zote mbili, na usiposikia neno sema, "Sijasikia, rudia."

Ukikuta viraka vimetazama mlango, ujue mama yako alisimama. Lakini nimeandika ukurasa huu wa mwisho na mara mbili nimeinuka kwenda kuigeuza ile mito, na mara ya pili mkono wangu ulikuwa umeshaushika mmoja. Sijiamini. Basi ukiingia ukakuta makochi yamepangwa vizuri, maruni tupu, hakuna kiraka kinachoonekana, usiniulize kitu mbele ya watu. Ujue nimeshindwa tena. Wewe mwambie Musyoka hivyo hivyo.

Ni mimi mama yako,
niliyekusemesha upande usiosikia.